Kwa Salim, kuhusu hizo maili sita

Mwanangu Salim,

Salaam nyingi. Mimi na mama yako wazima, na bibi yako Tanga anakusalimu. Jana kwenye simu kaniuliza tena kama bado unacheza rede na Wazungu, nikamjibu ndiyo. Kumweleza bibi yako besiboli ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa na mzigo wa kushusha Memphis kabla ya saa kumi.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia hapa kituo cha malori. Kocha kakwambia kwamba mrushaji wa mpira wa maili 84 kwa saa, kama wewe, hatafika mbali. Kuna kambi ya msimu wa baridi inayoahidi kukupandisha hadi 90 kwa kurusha mipira mizito, wenzako wamekwisha kulipa, nawe unaomba pesa kabla mwezi haujaisha. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayepitisha jambo mlango wa nyuma, umeandika kwamba kiwiko kinavuta kidogo baada ya mechi. Hilo ndilo ungeanza nalo, baba.

Pesa ya kambi sitatuma. Nimelisema mapema ili yanayofuata usiyasome ukiwa unatafuta neno ndiyo.

Unajua mchezo huu nilijifunzia redioni. Mtu anayeendesha usiku kucha anahitaji sauti ya kumweka macho, na besiboli ina subira ya barabara ndefu: mtangazaji anapata nafasi ya kukueleza upepo unavuma kutoka wapi. Ndivyo nilivyomfahamu mrushaji Jamie Moyer. Sikuvutiwa na ushindi wake kwanza. Nilivutiwa na watangazaji wenyewe, maana kila mpira wake ukirushwa, kasi waliyoitaja ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani nimesikia vibaya. Maili 80, mara nyingi chini ya hapo, wakati wenzake wakirusha 93 na 95.

Moyer alianza ligi kuu ya Marekani Juni 1986 akiwa na Chicago Cubs. Miaka ya mwanzo haikuwa ya kumsifia mtu. Akapelekwa Texas, akaachwa, akaenda St. Louis, akapoteza mechi tano bila kushinda hata moja, akaachwa tena. Mwaka 1992 Cubs walimchukua kwa majaribio, wakamkata, kisha wakampa kazi ya ukocha. Hebu fikiria: una miaka 29, una familia, na watu wanaoijua kazi yako kuliko wewe wanakwambia kwa heshima kwamba umekwisha. Kufikia hapo alikuwa ameshinda mechi 34 na kupoteza 54. Akaukataa ukocha, akarudi ligi ndogo Toledo kurusha na vijana.

Alipostaafu alikuwa na ushindi 269. Toa hizo 34, utapata 235, zote baada ya kuambiwa amekwisha. Mwaka 2001 alishinda mechi 20 akiwa Seattle. Mwaka 2003 akashinda 21, akiwa na miaka 40. Na Aprili 2012, na jezi ya Colorado, akawafunga San Diego akiwa na miaka 49, mtu mzima kuliko mrushaji yeyote aliyewahi kushinda mechi ya ligi kuu. Kasi yenyewe haikupanda hata siku moja.

Sikufichi upande wa pili. Hakuna mrushaji katika historia ya ligi kuu aliyepigiwa mipira mingi zaidi yake ikatoka nje ya uwanja: mara 522. Ukidumu miaka 25 utapigwa, hakuna namna. Nakutajia kwa sababu najua wewe ukipigiwa mmoja tu unakaa wiki nzima hujibu simu ya mama yako.

Mechi yake ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Oktoba 2008, fainali, mchezo wa tatu, Philadelphia na Tampa Bay. Wakati huo tulikuwa tunaishi Pennsylvania, wewe mdogo huna hata meno yote. Mvua ilichelewesha mechi, ikaanza saa nne usiku imepita. Moyer ana miaka 45 na tumbo limemvuruga, na ndiye aliyekabidhiwa mpira. Alizaliwa Sellersville, si mbali na mji huo. Hii ilikuwa timu yake ya utotoni. Nilikuwa nimeegesha lori, nimezima taa, redio imewashwa.

Mwanzo wa raundi ya saba Tampa wakafanya ujanja. Carl Crawford, mwenye mbio kuliko karibu kila mtu uwanjani, aliugusa mpira taratibu kwa gongo ukaviringika upande wa kituo cha kwanza, akatimua mbio kukifikia. Moyer akashuka kwenye kichuguu, kile kilima kidogo anachosimama mrushaji, akajirusha kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, na bila kuutoa mpira kwenye glovu akaurusha kwa glovu hiyohiyo. Mwenzake Ryan Howard akaudaka kwa mkono mtupu, mguu ukiwa kwenye kituo, kabla Crawford hajafika. Nje kabisa! Mwamuzi akasema amefika salama. Marudio ya televisheni yalionyesha wazi kwamba mwamuzi alikosea, lakini enzi hizo mchezo wa namna ile hukuweza kuukatia rufaa. Moyer akainuka, akapanda kichuguu, akaomba mpira. Alitoka muda mfupi baadaye timu ikiongoza, Tampa wakasawazisha, kisha Philadelphia wakashinda 5 kwa 4 saa nane kasoro usiku. Ushindi haukuandikwa kwa jina lake. Siku chache baadaye walibeba kombe, naye Moyer akaondoka na kile kibao cheupe cha kwenye kichuguu anachokanyaga mrushaji, baada ya kung'olewa ardhini.

Sasa utaniuliza alikuwa anawatoaje watu kwa maili 80. Silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa kuchelewa, ule uliouacha tangu ulipoingia chuo kwa sababu haupendezi kwenye video. Nilikuwa nakudakia uwani, kwa hiyo nakumbuka ulivyokuwa unaushika: kidole gumba na cha shahada vinafanya duara ubavuni, vitatu vilivyobaki vinaukumbatia, mpira umezama kiganjani. Mkono unakwenda kwa kasi ileile ya mpira wa haraka, bega lilelile, uso uleule, lakini mpira wenyewe unafika ukiwa umepungukiwa maili nane au kumi. Kutoka kwenye kibao hadi kwa mpigaji ni mita 18 na nusu hivi, mpira wa maili 90 unazimaliza chini ya nusu sekunde. Mpigaji hana muda wa kutazama kisha aamue, anabahatisha. Anayebahatisha unamdanganya kwa tofauti, si kwa kasi peke yake. Kijana anayerusha 84 na 75 kutoka mkono mmoja usiobadilika ni shida kubwa kwa mpigaji. Anayerusha 90 tu, kila mara palepale, atazoeleka ndani ya raundi mbili.

Najua kocha wako hajatunga. Maskauti wanabeba mashine za kupima kasi, na wa maili 84 mara nyingi hawamwandiki hata jina. Mtoto wangu ana haki ya kukasirika kwa hilo. Lakini ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hiyohiyo kasi inayosakwa, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote, tangu utotoni. Hao ndio wanaonunua kasi, na ndio wanaolipa hospitali.

Mwenzako aliyekuja nyumbani mwaka jana alizungumzia upasuaji wa Tommy John kama vile ni kubadilisha tairi. Huyo Tommy John ni mtu, si ugonjwa. Mwaka 1974 alikuwa mrushaji wa timu ya Dodgers, ameshinda mechi 13 na kupoteza 3, ligamenti, yaani ukano unaounganisha mfupa na mfupa, ya kiwiko cha kushoto ikakatika. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia akaihamishia kwenye kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mrushaji, na daktari alikadiria nafasi ya kurudi ni moja kati ya mia. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akashinda mechi 164 nyingine. Inapendeza kuisimulia. Siku hizi wengi wanarudi, lakini si wote, na anayerudi ametumia mwaka au zaidi akijifunza upya kurusha. Mchezaji wa ligi kuu hutibiwa huku mshahara unaingia. Wewe una bima ya mama yako.

Na tuseme mshahara, maana umeandika "nikisajiliwa". Mwaka 2025 kima cha chini ligi kuu kilikuwa dola 760,000 kwa msimu. Hatua moja tu chini, kwenye daraja la juu la ligi ndogo, mkataba wa 2023 uliweka kima cha chini dola 35,800 kwa mwaka. Baba yako dereva anapata zaidi ya hapo. Wengi wanaosajiliwa hawavuki hiyo hatua moja. Sikukatazi kuijaribu, ungekuwa mwanangu wa namna gani usingejaribu. Nataka tu uingie ukiwa na shahada mkononi na kiwiko kinachokunjuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Ulipokuwa sekondari tulifuata ile miongozo ya Pitch Smart ya kulinda mikono ya warushaji vijana, miezi minne kila mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na hukuumia hata mara moja. Msimu huu wa baridi pumzisha mkono kwanza. Kimbia, fanya miguu na kiuno, kasi nyingi hutoka huko. Ukianza tena, anza na mpira wa kuchelewa. Kama baada ya hapo daktari atasema kiwiko ni kizima, na kocha bado anataka hizo maili sita, mwambie anipigie, tuzungumze watu wazima wawili.

Nimetuma pesa ya daktari badala ya kambi, imo kwenye akaunti yako tangu asubuhi. Nenda Jumatatu, usisubiri wakutazame juujuu mazoezini. Omba wapige picha ya ndani ya kiwiko, si eksirei peke yake, maana eksirei huonyesha mfupa na wewe shida yako huenda ipo kwenye ligamenti. Kisha nijibu: kinavuta upande wa ndani au wa nje, na kinaanza baada ya mipira mingapi?

Baba yako