Isomeni Rosa Mistika mkiwa Ukerewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu: likizo ijayo tieni riwaya ya Rosa Mistika mkobani, mpande meli Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe.

Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi kustaafu, na riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tuliisoma kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, tamathali. Kuisoma nimekaa juu ya jabali kule Namagondo, kijiji alikozaliwa mwandishi na ndiko alikowaweka Rosa na wazazi wake, Zakaria na Regina, ni jambo jingine kabisa. Kaya zimekaribiana, mihogo katikati. Mtu akifoka kwake, jirani anasikia kila neno. Nikaiona fedheha ya Regina, mke wa mlevi: angeificha wapi? Halafu kuna ziwa. Binti anayekwenda shule anavuka maji, na ukali wote wa baba unabaki ng'ambo. Hilo sijalikuta katika mwongozo wowote wa fasihi, nami nimeishika mingi.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Nawaomba viongozi wa Ukerewe vitabu vyake viuzwe pale gatini Nansio, Kichwamaji kikiwemo, mgeni avikute anaposhuka. Na walimu wenzangu wa Kanda ya Ziwa, msiishie kuwapeleka watoto mbugani. Wapelekeni Namagondo, wasome kwa sauti, wazee wa pale wawasikilize na kuwasahihisha.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza