Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Boti za Faiba Zilizogongwa

Ndugu wanachama wa Lamu, Assalamu alaykum.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia boti za faiba (matabaka ya nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa resini, yaani gundi ngumu) zinazopigizwa gatini, hasa msimu wa kusi, maana hilo ndilo lililotushughulisha zaidi mwaka huu.

Faiba ikigongwa haibonyei kama bati. Hupinda, hurudi mahali pake, na nje huenda usione ila mchubuko. Ndani matabaka yameachana, kwa kuwa kinachoyashikanisha ni resini tupu, na upande wa pili nyuzi zimekatika kwa kuvutwa. Palipoachana huzidi kupanuka kadiri pigo linavyoingia ndani. Kwa hiyo mbao za sakafu zing'olewe, na ndani kukaguliwe pia. Faiba isiyopakwa rangi ukiimulika kwa tochi kutoka upande wa pili, palipoachana huonekana tofauti na palipo pazima.

Kisha gonga. Sarafu ya shilingi 20 yatosha. Boti iwe imepandishwa, imekauka na kukwanguliwa uchafu. Chora miraba ya sentimita 5 kwa chaki. Penye shaka, punguza iwe 2. Palipo pazima hulia kwa sauti kavu, ya wazi. Palipoachana sauti ni butu. Mataruma (mbavu za boti) na pati (lipu ya kuzibia) ya zamani navyo hubadili sauti, basi usihukumu kabla ya kulinganisha na mahali pale pale ubavu wa pili. Zungushia chaki mpaka wa sauti butu, piga picha, andika vipimo.

Kugonga kuna kikomo chake: faiba ikiwa nene, palipoachana ndani sana hapasikiki. Wengi wameuliza kama chama kinunue kile kipima unene cha mawimbi ya sauti kinachotumiwa kwenye vyombo vya chuma. Mimi nasema hapana. Hukokotoa unene kwa muda wa mwangwi kurudi, nacho kimewekwa kwa kasi ya sauti ndani ya chuma, takriban mita 5,900 kwa sekunde. Ndani ya faiba ni kama 2,500 hadi 3,000, hivyo unene husomeka karibu mara mbili. Kasi yaweza kurekebishwa, lakini mawimbi yake ya megahezi 5 (mitetemo milioni tano kwa sekunde) hutawanywa na nyuzi na viputo vya hewa, yasirudi. Faiba nene yataka megahezi 1 au chini, pamoja na kipande cha mfano chenye unene unaojulikana, cha kurekebishia kipimo. Fundi akitoboa tundu la bomba, kile kipande kinachotoka kisitupwe. Kiandikwe jina la boti na unene, kiletwe ofisini.

Linaloniuma ni pati kupakwa juu ya mchubuko kabla ya mtu yeyote kugonga. Ufa uliobaki chini yake huendelea kunywa maji, na kila wimbi huyaachanisha matabaka zaidi. Kamati yapendekeza fundi yeyote wa chama asipake pati kabla mwenye boti hajaoneshwa mchoro wa chaki, ndani na nje. Pendekezo hilo litapigiwa kura leo, baada ya hesabu.

Mwenyekiti