Barua ya wazi kwa Baba Askofu: Tunaomba karatasi moja tu

Bwana Yesu asifiwe, Baba Askofu.

Nimekuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwako, za kuomba hesabu ya pesa tulizoweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa kanisa, hazikujibiwa, na ya kwanza nilimpa karani mkononi. Sikutaka kufika hapa. Nimekua katika kanisa hili tangu shule ya Jumapili. Mume wangu amezikwa na wazee wa hapa, na wewe mwenyewe ulisimama kaburini siku ile mvua ikinyesha, ukakataa kufunikwa mwavuli. Sijaisahau siku hiyo. Basi isome barua hii kama ya binti anayemlilia baba yake, ijapokuwa binti mwenyewe amechoka.

Jumapili iliyopita ulizindua awamu ya pili ya mfuko huo, ambao washirika tunachangia ili tuwe na shamba na tupate faida. Fomu mpya ziligawiwa mlangoni pamoja na bahasha za sadaka. Ibada ilipokwisha na watu wakaruhusiwa kuuliza maswali, niliinua mkono nikauliza moja: shamba la awamu ya kwanza limeandikwa kwa jina la nani? Kipaza sauti kikazimwa. Mzee mmoja wa kamati ya mfuko akaniinamia sikioni akasema, "Mama, usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Nilitoka pale nikatembea kwa miguu hadi mtaa wa Free Area, nikiogopa kupanda matatu watu wakaniona ninavyolia.

Baba, sikumgusa mtu. Niliuliza habari ya shamba.

Nikukumbushe Februari 2024. Ulisimama kwenye mimbari, nyuma yako picha kubwa ya nyumba zenye paa jekundu, ukasema maneno ambayo niliyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia yangu. Nayanakili hapa kama yalivyo: faida ya asilimia 3 kila mwezi, ploti kwa kila mwenye hisa kumi, na hesabu kusomwa mbele ya washirika kila baada ya miezi mitatu. Ulisema Mkristo hafai kuwa maskini kwa kukosa maarifa. Tulipiga makofi. Nami nilipiga.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye madoa meupe mbavuni, aliyekuwa akitoa lita 14 kwa siku. Nilimuuza shilingi 95,000, nikaongeza 85,000 zilizobaki kwenye mafao ya marehemu, nikaleta 180,000. Machi nikapokea 5,400. Aprili 5,400. Mei 5,400. Tangu Juni 2024 sijapokea hata senti. Kadi yangu ya manjano bado ninayo, ina mihuri mitatu ya faida, na ya tatu imefifia hata tarehe haisomeki vizuri.

Kuna jambo lingine ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Ile 180,000 niliituma kwa mafungu matatu. Mafungu mawili ya kwanza, ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina la kanisa. Fungu la tatu lilienda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Nilimuuliza mhazini, akaniambia laini ya kanisa ina hitilafu. Nikaamini, kwa sababu mtu akishika Biblia mkono mmoja na kitabu cha risiti mkono wa pili, sisi tunaangalia ule wenye Biblia.

Mpwa wangu aliyesomea uhasibu ndiye aliyenifungua macho. Alinikalisha chini na kalamu. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka, bila hata kuhesabu faida juu ya faida. Mwezi ule ule wa Februari 2024 serikali ilikuwa inauza bondi ya miundombinu, yaani mkopo ambao raia anaipa serikali, ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, tena isiyokatwa kodi, na watu waliona hiyo ni riba ya ajabu. Sisi tuliahidiwa karibu mara mbili ya hiyo, kutokana na shamba ambalo halijalimwa. Akaniuliza, "Shangazi, hiyo 5,400 ilizaliwa na nini?" Sikuwa na jibu. Yeye anadhani tulilipwa kwa pesa za waliojiunga baada yetu. Wengine kanisani wanasema pesa zilimaliza deni la basi. Wengine wanasema ni paa jipya. Mimi sijui, na sitaki kumsingizia mtu. Lakini kitabu kikifungwa kila mtu anajiandikia chake kichwani.

Septemba mwaka ule mimi na akina mama wengine wanne tulipanda matatu kwenda upande wa Rongai, nje ya mji wa Nakuru, kuliona hilo shamba. Tulikuwa na ile picha ya nyumba zenye paa jekundu kwenye simu. Tukakuta mahindi yameshabeba, na kando yake mwanamume anakata majani ya ng'ombe. Tukamsalimu, tukamwambia sisi ni wenye shamba. Alituangalia mmoja mmoja, akaweka panga chini taratibu, akasema yeye amekodi hapo msimu wa nne sasa, mwenye shamba yuko Eldoret, na habari za kanisa ndiyo mara ya kwanza anazisikia. Hakutufukuza. Alitupa maji ya kunywa. Mama mmoja, mzee kuliko sisi sote, aliketi kwenye nyasi akashindwa kuinuka kwa muda.

Pengine tulionyeshwa pasipo. Pengine shamba letu ni lile la mbele yake. Ndiyo maana nilienda ofisi ya ardhi hapa Nakuru nifanye searchi, yaani niangalie kwenye rejista shamba limeandikwa kwa jina la nani. Karani aliniuliza namba ya kipande. Bila namba ya kipande hakuna searchi, Baba, na namba hiyo hakuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kupewa. Nimeiomba kwa mdomo, nimeiomba kwa barua.

Nimejifunza mengine nikiwa kwenye foleni hizo. Shamba la kilimo linapouzwa, sheria ya udhibiti wa ardhi, Sura ya 302, inataka bodi ya udhibiti wa ardhi itoe kibali, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila kibali mauzo hayo ni batili mbele ya sheria, hata kama pesa zimelipwa mpaka shilingi ya mwisho. Je, tulienda bodi? Nani alienda? Na huu mfuko wenyewe ni kitu gani? Ukiwa ni sacco, ushirika wa akiba na mikopo, inayopokea akiba za watu, tangu sheria ya mwaka 2008 inapaswa kuwa na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Ukiwa unakusanya pesa za watu kuwawekezea, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina la kusema. Ukiwa ni chama cha ushirika, kuna mkutano mkuu wa kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Kamati inatujibu kwamba mfuko ni "huduma". Huduma haitoi kadi yenye asilimia.

Wiki mbili zilizopita mzee mwingine alinifungulia 2 Wafalme 12, mstari wa 15, pale inaposemwa kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Alifunga Biblia kama mtu aliyemaliza kesi. Nilienda nyumbani nikaisoma sura yote, na ninakuomba nawe uisome yote. Mwaka wa ishirini na tatu wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa wamepokea fedha na nyumba haijatengenezwa. Mfalme akawaita akawauliza kwa nini. Ndipo Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila anayeingia analiona. Fedha zilipokuwa nyingi alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Wawili, Baba. Mmoja wa kanisa na mmoja wa nje. Uaminifu wa mstari wa 15 ulikuja baada ya kasha la mstari wa 9. Sisi tumepewa mstari wa 15 peke yake.

Sisi wanawake wa sokoni tuna kasha kama hilo. Chama chetu cha wauza viazi kina sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila Alhamisi linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinamwagwa juu ya leso, zinahesabiwa kwa sauti, na asiyejua kusoma anazisikia. Hatufanyi hivyo kwa sababu tunashukiana. Ninamwamini mwenye sanduku kuliko ninavyomwamini ndugu yangu wa tumbo moja. Tunahesabu ili siku pesa ikipungua asisingiziwe yeye. Hata kwenye viazi ni vivyo hivyo. Kanuni za serikali za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50 na mauzo yaende kwa uzani, na mkulima wa Mau Narok hakuona mzani umemtukana mnunuzi.

Ninaogopa pia neno "mbegu" linavyotumika siku hizi kwenye matangazo ya mfuko. Majirani zetu Tanzania walikuwa na DECI, mpango wa watu kuweka pesa waahidiwe nyingi zaidi, nao uliongozwa na wachungaji, na watu walifundishwa kupanda na kuvuna hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Sisemi ni sawa na letu. Nasema maneno ni yale yale, nami nikiyasikia usingizi unanipotea.

Baba yangu mzazi alinunua shea kwenye kampuni ya kununua ardhi, kama walivyofanya watu wengi wa Nakuru enzi zile. Cheti chake kilikuwa kwenye kasha chini ya kitanda, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Kila kiongozi mpya alipochaguliwa alikitoa, akakipangusa, akaenda mkutanoni. Alikufa kabla ya kuiona hatimiliki. Nilipokuwa nikiweka kadi yangu ya manjano kwenye kasha lile lile mwezi uliopita, mikono ilinitetemeka.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Amerudishwa nyumbani kwa karo mara mbili muhula huu. Nilipokwenda kuomba nirudishiwe angalau 30,000 kutoka kwenye pesa zangu mwenyewe, niliambiwa niwe na imani na nisubiri awamu ya pili ijae. Kwa hiyo mwanangu anasubiri mtu mwingine auze ng'ombe wake? Sasa anaamka nami saa kumi za usiku kupakua magunia, halafu jioni anasoma daftari la rafiki yake. Anasoma kwa bidii. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Baba Askofu, nilianza barua hii nikiwa na madai mengi. Nilitaka kamati ijiuzulu, mkaguzi wa nje aletwe, pesa zirudishwe na faida yake. Bado nayataka hayo. Lakini nimeona kwamba nikiomba mengi nitajibiwa kwamba yanashughulikiwa. Kwa hiyo naomba moja. Karatasi moja, iliyopigwa chapa, yenye sahihi yako na ya mhazini: tulikusanya kiasi gani, kimetumika wapi, kilichobaki kiko benki gani na wanaoidhinisha ni akina nani, na shamba ni kipande namba ngapi, kwa jina la nani. Ikiwa pesa zimepotea, andika zimepotea. Tutalia, tutaomba, tutakaa chini tupange. Kabla karatasi hiyo haijatoka, ninakusihi uzirudishe zile fomu za awamu ya pili kwenye kabati. Kuna wajane pale mlangoni waliozichukua. Niliwaona, wengine ni wateja wangu.

Ukiniita ofisini nitakuja, lakini naomba tuwe na mashahidi wawili, mmoja wa kanisa na mmoja wa nje. Na kama huna nafasi ya kuniita, ubao wa matangazo ulio karibu na mlango wa kina mama una nafasi upande wa kushoto, chini ya ratiba ya kwaya. Karatasi moja inatosha pale. Jumapili nitafika mapema kabla ya ibada ya kwanza, niangalie.

Wako katika Kristo,

Mwanachama wa awamu ya kwanza, muuza viazi,
Nakuru