Mbegu za mahindi zinazostahimili virusi zitufikie

Ndugu Mhariri,

Nauza nafaka sokoni Tandale. Msimu uliopita shemeji yangu anayelima Babati aliniletea gunzi moja alilolifunga kwenye gazeti kuukuu. Nilihesabu punje 12, zote zimesinyaa. Shamba zima lilikuwa hivyo, majani yamekauka kuanzia kingo kwenda ndani.

Huo ni ugonjwa wa MLN, yaani ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, ulioripotiwa Kenya mwaka 2011 na kwetu 2012. Hutokea virusi viwili vinapokutana kwenye mmea mmoja, na kimoja mara nyingi ni kile cha batobato ya miwa, kinachoenezwa na wadudu wadogo waitwao vidukari. Shemeji alipiga dawa mara tatu, maskini, akamaliza akiba yake. Lakini kidukari akishanyonya mmea mgonjwa kwa sekunde chache tu, anaweza kuambukiza mwingine kabla dawa haijamuua! Ndiyo maana naona tegemeo kubwa ni mbegu yenyewe.

Kule Naivasha, Kenya, tangu 2013, watafiti huyaambukiza mahindi makusudi, wakachagua yanayosimama na kuyazalisha. Mbegu chotara zinazostahimili zimekwishapatikana. Shemeji amezunguka maduka ya pembejeo, kila muuzaji anamwambia hajui ipi ni ipi.

Naiomba Wizara ya Kilimo ihakikishe mifuko ya mbegu inaandikwa wazi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kama mbegu hiyo inastahimili MLN au la. Mvua za masika haziko mbali.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Tandale, Dar es Salaam