Kwa Padri Déo, kuhusu ile Q yako

Lubumbashi, Kamalondo

Padri wangu Déo,

Jambo sana. Mdogo wako amenifikishia barua pamoja na kahawa ya Kivu. Kahawa imekwisha, majirani wa Kamalondo hawana haya. Barua ndiyo imebaki, na imeninyima usingizi. Unasema mtu anayeikataa Q, ile hati ya maneno ya Yesu ambayo mnadai Matayo na Luka waliinakili, anatafuta ugomvi tu, na kwamba shauri hilo lilikatwa tangu Streeter, yule mtaalamu Mwingereza wa Injili, alipotoa kitabu chake mwaka 1924. Haya, ugomvi umeupata.

Tusipoteze wino pale tunapokubaliana. Marko ndiye wa kwanza kuandika Injili, na wengine walimfuata. Kati ya mistari yake 661, karibu 600 tunaikuta kwa Matayo, tena mara nyingi kwa maneno yale yale ya Kigiriki. Na tazama Luka anavyojisahau katika sura ya 9. Anampeleka Yesu na mitume kwenye mji unaoitwa Betsaida, makutano wanawafuata huko. Jua likianza kushuka, mitume wanamwambia Yesu awaage watu waende vijijini kutafuta chakula na pa kulala, kwa kuwa hapo walipo ni nyika. Nyika gani tena, na wako mjini? Kwa Marko hakuna shida, maana kwake walikuwa mahali pasipo watu tangu mwanzo. Luka alibadili mahali, kisha mkono ukarudi kwenye maneno aliyokuwa akiyafuata. Mtaalamu wa Injili Mark Goodacre ameeleza kwamba huu ni uchovu wa mhariri. Mimi mwenye kusahihisha insha za wanafunzi kila juma sikuhitaji kushawishiwa: anayenakili kwa jirani hubadilisha mwanzo vizuri, katikati anachoka, na hapo ndipo unamkamata.

Shida yetu ni ile mistari mia mbili na kitu ambayo Matayo na Luka wanayo wote wawili, na Marko hana. Tangu Weisse, mtaalamu Mjerumani, mwaka 1838 wamekuwa wakisema imetoka katika hati moja iliyopotea, wakaipa herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya chanzo. Hati hiyo hakuna aliyeiona. Hakuna kipande cha papiri, wala baba wa Kanisa aliyeitaja kwa jina. Hata hivyo mwaka 2000 Robinson, Hoffmann na Kloppenborg walitoa toleo lake, kitabu kinene kabisa, mstari kwa mstari. Kazi yao naiheshimu. Ila kila nikikifungua najiuliza tunasoma nini hasa.

Najua utanitolea Papias wa Hierapolis, yule askofu wa kale, aliyesema kwamba Matayo alikusanya maneno ya Bwana kwa lugha ya Kiebrania. Lakini Q yenu ni ya Kigiriki, Padri! Chukua hotuba ya Yohane Mbatizaji, ile ya uzao wa nyoka: Matayo na Luka wanakwenda pamoja karibu neno kwa neno, kwa Kigiriki. Watu wawili wakitafsiri Kiebrania kila mmoja kwao hawafanani hivyo. Na Injili ya Tomaso iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, yenye semi 114 bila habari ya msalaba, inaonyesha kwamba vitabu vya namna hiyo viliandikwa. Haionyeshi kwamba hiki chenu kiliandikwa.

Austin Farrer, kule Oxford mwaka 1955, alisema jambo ambalo mtoto angelisema: kama Luka alimsoma Matayo, Q ya nini?

Sasa fungua Biblia yako usiku ule Yesu alipokamatwa. Kwa Marko 14:65 wanamfunika uso, wanampiga, wanamwambia, “Tabiri!” Basi. Kwa Matayo 26:68 wanamwambia atabiri, kisha wanaongeza, “Ni nani aliyekupiga?” Lakini Matayo hakusema kwamba wamemfunika uso! Mtu mwenye macho wazi unamuuliza nani amempiga kwa sababu gani? Kwa Luka 22:64 vyote viwili vipo: macho yamefunikwa, na swali ni lile lile, maneno 5 ya Kigiriki yasiyotofautiana hata kidogo na ya Matayo. Kitambaa kimetoka kwa Marko. Swali limetoka wapi? Si kwa Q, maana nyinyi wenyewe mnasema Q haina habari za mateso. Streeter aliliona tatizo, akajibu kwamba maneno hayo wanakili waliyaingiza kwa Matayo baadaye. Ushahidi wake? Nakala zote za Matayo zinayo. Kurekebisha Injili ili kuiokoa nadharia, hilo mimi silipendi.

Hoja yenu yenye nguvu ninaijua na siikwepi. Kama Luka alikuwa na Matayo mbele yake, ilikuwaje aichukue Hotuba ya Mlimani, sura tatu zilizopangwa vizuri, aikatekate na kuitawanya hapa na pale? Mnasema ni kazi ya mwendawazimu. Hapa nakuomba uikumbuke historia ya mji wetu, ile André Yav aliyoikusanya mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani wa Wazungu, kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipotaka kuitafsiri, macho yalimshinda, maana maneno yameungana na kukatika ovyo. Ilibidi mwenzake Kalundi Mango aisome kwa sauti, ndipo maana ikatoka. Vitabu vya kale vya Kigiriki navyo vimeandikwa maneno yakiwa yamebanana, hata Sinaiticus, ile nakala ya Biblia ya karne ya 4. Watu walisomewa. Wewe unamwona Luka ameketi mezani, magombo yamefunguliwa kushoto na kulia, anakata na kubandika kama karani wa wilaya. Mimi namwona mtu aliyemsikia Matayo akisomwa kanisani miaka na miaka hadi maneno yakamkaa kichwani, na mtu wa namna hiyo huyaweka anapoona yanafaa. (Utasema hoja hii inaweza kunigeukia, kwa sababu kichwa kinaweza kushika hata maneno ambayo hayajaandikwa. Kweli. Lakini si kwa kufuatana neno kwa neno kama katika hotuba ya Yohane.)

Halafu usiniambie naleta mambo mapya ya kuwatia watu mashaka. Mwaka 1912 Tume ya Kipapa ya Biblia haikutaka Wakatoliki waikumbatie hiyo hiyo nadharia ya vyanzo viwili, yaani Marko na Q. Leo inafundishwa seminarini kana kwamba ilishuka Sinai na zile mbao mbili. Wazee wetu walionywa juu ya Q, sisi tunaonywa juu ya kuikosa.

Kuna mahali pamoja ninapokwama. Baba Yetu ya Luka, sura ya 11, ni fupi. Katika nakala za kale haina “mapenzi yako yafanyike”, wala “utuopoe maovuni”. Kama alikuwa na ya Matayo, kwa nini aipunguze? Goodacre anasema kila mtu huandika sala kama inavyosaliwa kwao. Inawezekana, lakini jibu hilo halijanishibisha. Nipe lako, na usinipe la Streeter, hilo ninalo. Fanya haraka kidogo: wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wameshaniuliza, nikawaambia wangoje, kuna padri mmoja Bukavu anayefikiri.

Umsalimie sana mama, na waambie wale wa kwaya kwamba kaseti yao bado tunaisikiliza.

Ni mimi mwenzako,
Mwalimu Kasongo