Oksidi za manganizi si unga mweusi tu

Mhariri,

Safu yenu ya sayansi ya wiki iliyopita ilimaliza habari za ule unga mweusi wa ndani ya mawe ya tochi kwa sentensi moja, kwamba ni oksidi ya manganizi. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Kigoma, na vijana hunijia wakiwa wameshiba sentensi hiyohiyo: ni nyeusi, haiyeyuki majini, ukiitia kwenye peroksidi ya hidrojeni oksijeni inafoka. Sikatai. Ila madini meusi ya manganizi ni mengi, na kinachoyatenga zaidi ni mpangilio wa ndani, ambao gazeti lingeweza kuuchora kwa robo ukurasa.

Kiini ni kilekile: atomu ya manganizi katikati, oksijeni sita zikiizunguka. Viini hivyo hushikana ubavu kwa ubavu vikawa minyororo, na minyororo ikiungana kwenye ncha huacha mahandaki kati yake. Handaki hupimwa kwa idadi ya viini kwenye kuta zake: la madini ya pirolusaiti ni kiini kimoja kwa kimoja, jembamba mno. La ramsdelaiti ni kimoja kwa viwili. Hayo mawili yakichanganyika ovyo ndani ya fuwele moja tunapata nsutaiti, iliyopewa jina la Nsuta kule Ghana, na watengeneza betri wameitumia sana.

Utamu unaanza handaki linapofika viini viwili kwa viwili, karibu nusu nanomita kila upande. Humo huingia wageni: bariamu katika holandaiti, potasiamu katika kriptomelani, metali ya risasi katika koronadaiti. Mgeni huja na chaji chanya, na fuwele lazima isawazishe hesabu, kwa hiyo baadhi ya manganizi hushuka kutoka chaji nne hadi tatu. Tena wageni hawa si abiria wa daraja la tatu wa treni ya Tabora, wanaobanana watano kwenye kiti cha watatu. Ioni za bariamu, yaani atomu zake zenye chaji, husukumana, nafasi nyingine zikabaki tupu, na ndani ya handaki moja kujaa na kuwa tupu huweza kwenda kwa zamu. Handaki la jirani huenda lina zamu yake. Eksirei tunayochunguzia fuwele hutoa wastani wa mahandaki yote, ndiyo maana nafasi moja huandikwa kana kwamba imejaa nusu. Binti mmoja darasani aliniuliza nusu ya atomu inakaaje. Haikai: hapa ipo nzima, pale haipo kabisa. Sijaulizwa swali zuri kama hilo muhula huu.

Kwenye romanechaiti, viwili kwa vitatu, kila bariamu hufuatana na molekuli mbili za maji, na manganizi ya chaji tatu, ambayo ni nene kidogo, hupendelea pembezoni mwa mnyororo. Todorokaiti ni vitatu kwa vitatu. Wataalamu walibishana kama ina mahandaki au matabaka, hadi mwaka 1981 wanasayansi Turner na Buseck walipoyaonyesha mahandaki yenyewe kwa hadubini ya elektroni. Madini hayo yamo katika vinundu vya sakafu ya bahari, vile vinavyowindwa kwa nikeli na shaba yake. Hiyo peke yake ingetosha makala.

Naomba mchoro, Mhariri. Kama mchoraji wenu hana pa kuanzia, wanafunzi wangu wameunda maumbo yote matano kwa njiti na udongo wa mfinyanzi. Nitayapiga picha niwatumie.

Mwalimu wa Kemia,
Mwanga, Kigoma