Jumamosi: ukaguzi wa rili za milimita 16

Habari za jioni, wanakikundi.

Jumamosi saa 3 asubuhi tunakagua rili 6 za mikanda ya filamu kwa fundi wetu wa projekta, kabla hatujamlipa muuzaji. Mchango ni Sh 20,000 kila mmoja, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni.

1. Njoo na glavu za pamba, lenzi ya kukuzia na futi ya fundi cherehani.

2. Rili inayonuka siki ibaki barazani. Ni asetati (plastiki ya mkanda) inayooza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa rili za jirani.

3. Lebo ya kopo si ushahidi, someni ukingo wa mkanda. Alama za Kodak (duara, mraba, pembetatu) hutaja mwaka mkanda ulipotengenezwa kiwandani, ila zilikuwa zikijirudia kila baada ya miaka 20. Kwenye nakala, maandishi meusi ni ya mkanda wenyewe. Meupe yamehama kutoka negativu (mkanda ambao nakala huchapwa kutoka kwake), hayathibitishi umri wa nakala. Hapa ndipo watu huuziwa nakala ya baadaye kwa bei ya nakala ya kwanza, tafadhali tusiharakishe.

4. Pimeni fremu (picha moja moja) 100: urefu wake wa kawaida ni milimita 762. Zikishuka chini ya 754, mkanda umenywea zaidi ya asilimia 1 na meno ya projekta yatachana matundu. Huo hatuupitishi kwenye mashine.

Rangi ikibaki waridi tupu, samawati imeshapauka, bei ishuke.

Jibuni "Nipo" au "Sipo" leo kabla ya saa 3 usiku, na mwenye meza ya mwanga (ya kutazamia mkanda) aseme.